Ripita yetu ya mlimani, na pesa tulizozitupa kabla haijasikika

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lira, kaskazini mwa Uganda, kanipigia simu, anasema kapata redio nne za gari kwenye mnada wa kampuni moja ya ulinzi, kila moja shilingi elfu themanini, anataka kuzifanya ripita ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa mapenzi tu siyo biashara, na anauliza aanzie wapi. Tukaongea mpaka eataimu yake ikakata na nilikuwa hata sijafika kwenye dupleksa, kifaa nitakachokieleza huko mbele. Nikaona bora niandike yote mahali pamoja tangu mwanzo, na hela tulizotumia, na machungu, maana mimi na mwenzangu hatukuwa na mtu wa kutuambia, kila kitu tulikijua baada ya kulipa.

Kwa asiyejua, ripita ni redio inayokaa juu mlimani, inakusikia kwenye frikwensi moja na wakati huo huo inarudia sauti yako kwenye frikwensi nyingine kwa nguvu, kwa hiyo mtu mwenye woki toki ya wati tano bondeni anasikika mbali kuliko ambavyo angefika mwenyewe. Ya kwetu inapokea megahezi 145.050 inatuma 145.650, tofauti ya kilohezi 600, ndo utaratibu wa bendi ya mita mbili kwa upande wetu huu wa dunia ambako bendi ni 144 mpaka 146 tu. Ikumbuke hiyo 600 kwa sababu ndo iliyotutesa kuliko vyote.

Mimi nimekulia bareki, baba alikuwa askari, ndo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani kuliko Lumasaba, na kazi yangu ni kutengeneza TV, amplifaya na inverta hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwenzangu ni mzee mmoja mstaafu wa signo jeshini, yaani kitengo cha mawasiliano, wote tunamwita Afande na yeye ananiita kijana ingawa nina watoto watatu. Wazo lilikuja baada ya mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, ile usiku mito ya Nabuyonga na Namatala ilipojaa ikaingia mjini na watu wakafa. Mimi na Afande tulikuwa na woki toki mkononi, hatukuwa mbali, kilomita tano hivi, lakini nyumba na miinuko ya katikati ilikuwa inakata sauti, nasikia neno moja napoteza matatu, na simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu saa mbili. Asubuhi nilipomkuta akiwa mzima akaniambia, "Kijana, mwaka 2010 udongo ulipofunika Nametsi kule Bududa nilisema tuweke kitu mlimani nikapuuzwa. Safari hii hatungoji mtu." Tukaanza pale.

Leseni tulikuwa nazo tayari kutoka UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kolsaini za Uganda, yaani majina ya vituo hewani, zinaanza na 5X, na kituo cha mlimani nacho tukakiombea kabla ya kuwasha chochote hewani. Sitakaa sana hapo, nasema tu usinunue vitu ukiwa huna karatasi, maana ukishakuwa na redio mezani mkono unawasha tu. Na jambo linaloendana na hilo: redio ya mnada inakuja na frikwensi za mwenyewe wa zamani ndani, za askari wake au magari yake. Zifute kabla hujagusa kitufe cha kuongea, jaribio lote fanya kwenye damilodi, mzigo wa kujaribia unaokula nguvu bila kuirusha hewani, siyo kwenye antena, sisi tulikaribia kuingia kwenye chaneli ya watu walio kazini na Afande alinigombeza siku hiyo kama mtoto.

Redio tulinunua tatu, Motorola GM300, laki moja na nusu kila moja, mbili za kazi na moja ya kuchunia spea. Ni redio nzuri, chuma kitupu, na nyuma zina soketi ya pini 16 ambayo inakurahisishia maisha: pini 2 unaingizia sauti, 3 unaigusisha chini redio inaanza kutuma, 7 ndo negativu, 11 inatoa sauti iliyopokelewa, na pini 8 unaweza kuipanga ikuambie kwamba kuna mtu anaongea. Katikati unaweka kontrola, mimi niliiunda na Arduino, kompyuta ndogo ya kuprogramu, na transista chache, inawasha transmita, inahesabu dakika tatu ikikata anayeongea bila kupumua, na kila baada ya muda inapiga kolsaini kwa Morse. Lakini angalia kibandiko kabla ya kulipa. Zetu mbili zilikuwa za 146 mpaka 174, na sisi tuko chini ya 146. Mezani zilikubali kushuka nikafurahi, tukapanda nazo, na saa kumi na moja alfajiri kule juu baridi imeingia ile ya kupokea ikagoma kabisa, haishiki frikwensi, jua likipanda inarudi. Wiki tatu nilikuwa natafuta ubovu kwenye betri na nyaya. Ilipasa nifungue nirekebishe osileta yake, sehemu inayotengeneza frikwensi, nikiwa nimeilaza kwanza kwenye friji ya mama watoto usiku kucha, na tangu hapo redio yoyote inayokwenda mlimani lazima ilale kwenye friji kwanza. Ukipata ya 136 mpaka 162 chukua hiyo hata kama bei iko juu kidogo.

Kuziprogramu nako ni kazi, programu yake ni ya DOS na haipendi kompyuta ya kasi, inataka mashine ya zamani yenye soketi ya siriali. Tuliipata laptopu ya namna hiyo kwa fundi wa karibu na klok tawa, mwanzoni tukaazima kisha tukainunua, na mpaka leo haifanyi kazi nyingine yoyote. Usiiuze.

Sasa kosa kubwa. Muuzaji mmoja alitupa dupleksa ndogo, kisanduku cha kubeba kwa mkono mmoja, ya kampuni iliyoacha redio ikahamia simu, akasema hii ndo ilikuwa kwenye ripita yao na ilifanya kazi miaka kumi. Hakudanganya. Laki sita tukatoa. Kwa wasioijua, dupleksa ndo kile kitu kinachofanya antena moja itumike kutuma na kupokea kwa wakati mmoja bila transmita kuziba masikio ya risiva. Fikiria umesimama katikati ya ngoma za kadodi msimu wa Imbalu, sherehe ya tohara ya kwetu, ngoma iko kwenye bega lako, na mtu kule mwisho wa uwanja ananong'ona jina lako, na wewe lazima ulisikie. Transmita yetu ni wati kumi, sauti ya mtu wa mbali inayofika kwenye risiva ni robo ya mikrovolti, na vyote viwili viko kwenye waya mmoja. Ili mnong'ono usikike unatafuta kama desibeli 80 hadi 85 za utengano, desibeli ndo kipimo cha nguvu kupungua au kuongezeka.

Ile dupleksa ndogo ilitengenezwa kwa ajili ya mashirika ambayo frikwensi zao za kutuma na kupokea zimeachana megahezi nne na nusu au tano. Sisi zimeachana megahezi 0.6. Pale haiwezi, na hakuna kuzungusha skrubu kutakakoiokoa, ni maumbile yake. Sikujua. Tuliifunga, tukapanda, Mei 2023, tumebebesha vijana wanne mlingoti kwa vipande, njia ya matope, na Afande akabaki chini Nakaloke na woki toki. Akabonyeza. Nikamsikia vizuri kabisa, transmita ikaamka, na palepale sauti yake ikafa, transmita ikalala, sauti ikarudi, transmita ikaamka, ikafa. Inatapatapa hivyo tak tak tak tak mpaka anapoachia. Nilikaa kwenye jiwe pale juu nikashindwa hata kuwaambia wale vijana kitu, walikuwa wanasubiri kushangilia.

Nikarudi chini nimeshika tama. Nilichofanya baadae ndo ningefanya mwanzo, kipimo hiki hakigharimu kitu: mtu wa mbali abonyeze kwa nguvu ndogo mpaka sauti yake ina kelele kidogo kwenye spika ya risiva, wewe hapo juu zima transmita, sikiliza, washa transmita kwa mkono, sikiliza tena. Kelele ikiongezeka ukiwasha, transmita yako inaziba risiva, na hakuna haja ya kuhangaika na kitu kingine mpaka hilo limekwisha. Rudia ukiwa umechomoa transmita kwenye njia ya antena ukaifunga kwenye damilodi. Kwenye damilodi pametulia, kwenye antena kuna kelele, basi tatizo liko juu, kwenye antena au mlingoti au dupleksa. Pote kuna kelele, linavuja ndani ya boksi lako.

Kwetu lilikuwa linavuja pote. Ndani ya boksi nilikuwa nimeunganisha redio na dupleksa kwa vipande vya RG-58, ile nyembamba ya kawaida yenye wavu mmoja, na wavu mmoja unavujisha kama kikapu. Vipande vile viwe vya wavu mara mbili, RG-214 au RG-400, vifupi, na konekta za N, usitumie zile PL za kuzungusha za redio za sibii. Redio mbili nazo tukazitenga kila moja kwenye sanduku lake la bati. Kwenda kwenye antena pia nilikuwa nimeweka RG-58, mita 25, na kwa masafa haya inakula karibu desibeli nne na nusu, yaani wati kumi zikitoka kwenye redio antena inapata kama tatu na nusu, na mtu anayekuja anapunguzwa vilevile. Elfu tisini za waya huo zimekwenda hivyohivyo. Waya tulioweka sasa ni ile nene ya nusu inchi ya minara ya simu, ya shaba yenye mabati ya mawimbi, mabaki ya mita 30 tuliyonunua kwa mkandarasi aliyemaliza mnara, laki tatu, na kwa urefu wetu inakula chini ya desibeli moja. Mabaki kama hayo yapo, waulize wakandarasi wanapomaliza kazi, ila dai karatasi ya kuuziwa maana mtu akikukuta na shaba kwenye bodaboda bila risiti utalala polisi.

Kabla ya kupata dupleksa ya maana tulijaribu njia ya antena mbili, moja ya kutuma juu kabisa, ya kupokea chini yake mita kumi kwenye mlingoti uleule. Kwa umbali huo wa wima unapata kama desibeli 55 bure, na ukipunguza nguvu ya kutuma mpaka wati mbili ripita inaweza kuishi, sisi tuliishi hivyo kuanzia Agosti mpaka Novemba. Kama huna pesa anzia hapo, siyo aibu. Kuachanisha kwa ubavu, yaani milingoti miwili pembeni kwa pembeni, hakusaidii hivyo, mita kumi za ubavu ni kidogo sana ukilinganisha na mita kumi za wima, tulijaribu tukaacha.

Dupleksa yenyewe ilipatikana upande wa Kenya, mitungi minne mikubwa inayofika kiunoni, ilikuwa ya ripita ya shirika moja iliyovunjwa, Afande alimjua fundi wa huko tangu zamani. Milioni moja na laki nane mpaka imefika Mbale, kodi ya mpakani Malaba ikiwemo. Nililipa nikiwa natetemeka, mke wangu hakusema neno siku mbili na alikuwa na haki, ada za muhula zilikuwa mezani. Mitungi ya aina hii kila mmoja unapitisha frikwensi yako na kuzuia ya mwenzake: miwili ya upande wa kutuma unaipanga izuie 145.050, miwili ya kupokea izuie 145.650. Tuliipanga na NanoVNA ndogo, inatosha kukuonyesha shimo liko wapi, ila kina cha shimo haikuonyeshi chote kwa sababu chombo chenyewe kinaishia kwenye desibeli sabini hivi, kwa hiyo panga mtungi mmojammoja, kisha malizia kwa masikio, mtu wa mbali ananong'ona na wewe unazungusha kidogokidogo. Na ukishaipanga vizuri mezani ukaibeba kwa boda kwenye njia ya mawe itakuwa imehama ukifika. Ya kwetu ilihama. Siku hizi tunaibeba begani imefungwa godoro, na kifaa cha kupimia kinapanda pamoja nayo.

Tarehe sitaitaja ila ilikuwa Jumapili jioni Novemba hiyo 2023, nikawasha, Afande yuko mji wa Kumi, zaidi ya kilomita hamsini, wati tano mkononi, akaita. Sauti yake ikatoka safi bila kukatika hata mara moja. Alichosema ni, "Nakusoma tano, kijana, tano kabisa," halafu akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi, mzee wa miaka sabini. Mimi nililia na sioni haya kusema.

Baada ya hapo nikaunguza transmita. Redio ya gari haikutengenezwa kutuma mfululizo, dereva anasema maneno mawili anaachia, ila ripita inatuma muda wote watu wanapoongea. Mimi nikaiweka wati 25 kamili kwa sababu imeandikwa 25. Jumamosi moja watu wakakaa hewani karibu saa nzima wanapokezana, na dakika tatu za kontrola haziokoi chochote hapo maana kila mmoja anaanza hesabu upya. Kipande cha mwisho cha nguvu kikaungua. Sasa inatuma kumi, ina feni ya kompyuta inayowaka transmita ikiwaka, na feni inaendelea dakika mbili baada ya kuzima. Kutoka 25 kwenda 10 kwenye masikio ya watu hakuna aliyeona tofauti. Kabla ya kupandisha redio yoyote iweke kwenye damilodi ibonyezwe nusu saa, weka mkono kwenye mgongo wake, kama mkono hauvumilii basi punguza.

Umeme. Kule juu hakuna stima, ni sola. Hesabu yetu: risiva, transmita ikiwa imelala na kontrola zinakula kama ampea 0.8 usiku na mchana, hiyo ni 19 kwa siku, na kutuma ni ampea nne, saa tatu za maongezi kwa siku ni 12 nyingine, jumla ampea-saa 31. Mimi sikupiga hesabu hiyo mwanzo, nikaweka betri ya gari ya laki tatu na nusu, ikafa ndani ya miezi minne, maana betri ya gari inataka kujaa muda wote, ukiikausha kila usiku inaoza. Sasa ziko mbili za sola za ampea 100 kila moja na hatuzitumii zaidi ya nusu, zinatupa siku tatu, na Elgon ikijifunika wingu siku tatu ni kawaida. Paneli mbili za wati 150. Kontrola ya sola ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi na ilikuwa inapiga kelele kwenye risiva kila jua likitoka, mtu anasikika vizuri usiku na vibaya mchana, tukashangaa sana, mpaka siku nilipofunika paneli na blanketi kelele ikaisha. Tukabadilisha kontrola na tukazungushia nyaya zake pete za feriti.

Hapohapo niseme toni. Weka toni ya CTCSS kwenye kupokea, mlio wa chini ambao redio ya mtu lazima iutume ndo ripita ifunguke, sisi tumeweka hezi 88.5, hata kama watu wachache watalalamika hawajui kuiweka. Miezi ya mwanzo bila toni kelele yoyote ilikuwa inaifungua, inatuma hewa tupu usiku kucha, asubuhi betri zimelala.

Radi. Upande wetu huu kuanzia Tororo kupanda Elgon radi ni ya kutisha, na kila mtu Uganda anakumbuka Kiryandongo Juni 2011 wanafunzi 18 walivyokufa darasani kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo la kwanza siyo redio, ni wewe: wingu likianza kunguruma hata kwa mbali teremka, acha spana zilipo, hakuna ripita yenye thamani ya mtu. Sisi Aprili 2024 hatukuwepo juu, tulikuta baadae. Risiva imekufa mlango wake wa mbele, kontrola imekuwa nyeusi, laki nne. Mlingoti ulikuwa na waya wa ardhini lakini mwembamba, umechimbiwa futi mbili kwenye mawe, na boksi lilikuwa na waya wake mwingine peke yake upande wa pili. Hilo ndo kosa, nyaya mbili za ardhini zisizoshikana, radi ikishuka volti za moja zinapanda kuliko za nyingine na tofauti hiyo inapita ndani ya redio. Tumeshikanisha kila kitu sasa, mlingoti, boksi, negativu ya sola, ganda la waya wa antena kabla haujaingia ndani, vyote kwenye sehemu moja, fimbo nne zimezungushiwa mkaa kwenye udongo uliochukuliwa chini kwa magunia. Na kwenye waya wa antena kuna kikata radi cha gesi, ni cha bei ndogo, beba viwili vya akiba. Waya wenyewe wa kushuka tuliweka utepe wa chuma cha mabati siyo shaba. Shaba ingekuwa bora ila shaba haikai wiki mbili.

Maana wizi upo. Septemba 2024 betri moja ilikwenda. Nilikasirika nikataka kuleta polisi kijiji kizima, Afande akanikataza, akasema twende kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, tukae chini. Tukakaa. Ikatoka kwamba sisi ardhi tulizungumza na mtoto mmoja tu wa marehemu mzee mwenye shamba, tukampa chake tukaondoka, na ndugu zake wengine walikuwa wanaona watu wa mjini wanapanda na kushuka, mibuni inakanyagwa, wao hawapati kitu wala hawajui lile boksi ni la nini, kuna waliodhani linazuia mvua. Nani alichukua betri hatukujua na hatukuuliza tena. Mama mwenye shamba, mjane, akaniambia, "Mwanangu, mlipita mlangoni kwangu mara ngapi bila kusema mulembe?" Mulembe ndo salamu ya kwetu. Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi palepale mbele ya watu.

Tukaandika upya, familia nzima imesaini, mashahidi, muhuri wa LC1, malipo ya mwaka kwa mama mwenyewe, na mibuni iliyovunjika tukalipa. Tukamwekea paneli ndogo ya kwake na taa mbili na mahali pa kuchaji simu, yake kabisa haijashikana na yetu, kwa sababu tungeiunganisha na betri za ripita siku moja mtu angechomeka TV. Tangu hapo hakijaguswa hata nati. Mjukuu wake ndo anatupigia mlingoti ukiinama au nyasi zikifika kwenye paneli, na anajua kusoma ile mita ya volti, kila Ijumaa ananitumia namba. Ningeanza na mama huyu kabla ya kununua hata skrubu.

Matengenezo yaliyobaki ni ya vitu vidogo ambavyo havina utukufu. Nyigu wanajenga kwenye tundu za boksi, weka wavu wa mbu wa chuma. Mijusi inapenda joto la transmita, inataga mayai humo. Zipu za plastiki za kufungia waya jua linazikausha zinakatika ndani ya mwaka, sisi tunafunga kwa mpira wa tyubu kama watu wa boda, haukatiki. Konekta za juu funga kwa utepe wa mpira unaojigandamiza wenyewe kisha juu yake utepe wa kawaida, na acha waya uning'inie kidogo chini ya konekta ili maji yadondokee pale yasiingie. Na ukisikia kelele ya mchakacho inayokuja upepo ukivuma na kutulia upepo ukitulia, usifungue redio, panda ukatafute kutu. Boliti moja yenye kutu kwenye mlingoti, chuma kinagusana na kuachia, ilitusumbua miezi miwili na dawa ilikuwa brashi ya waya na grisi.

Jumla mpaka leo ni karibu milioni nane na nusu za Uganda ukiweka nauli na vibarua, na humo redio zenyewe ni laki nne na nusu. Ndo maana nilimwambia yule kijana wa Lira zile redio zake nne za elfu themanini ni kama amenunua kengele ya kanisa, kanisa bado. Aweke hela kwenye mitungi, kwenye waya mnene, kwenye utepe wa ardhini na kwenye soda ya kukaa na wenye kilima.

Betri zetu zinaingia mwaka wa pili, volti za alfajiri zimeanza kushuka, Ijumaa iliyopita mjukuu wa mama kanitumia 12.1. Mwisho wa Februari tunapanda kabla mvua hazijaanza, Afande anasema magoti yake yatamfikisha, mimi nimeshaongea na kijana wa boda ampeleke mpaka pale njia inapoishia.